Mama ananiandikia saa 4:47 usiku: jibu kwa karani wa Nyakato

Swali:

Shikamoo mshauri. Mimi ni karani wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nyakato, Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Sina mkataba wa maandishi. Mshahara wangu ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Naingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, isipokuwa Jumamosi ambapo tunafunga saa 7 mchana. Bosi wetu, ambaye wote tunamwita Mama, alifungua grupu la WhatsApp la wafanyakazi, na ujumbe unaingia mpaka usiku kisha unaanza tena saa 11 alfajiri. Juzi saa 4:47 usiku aliuliza bati za geji 28 zimebaki ngapi, kwa kuwa mteja wa Ukerewe alitaka mzigo uwahi meli ya asubuhi, ikabidi nitoke kitandani nifungue daftari. Nisipojibu, kesho yake ananiambia mbele ya wenzangu kwamba aliona tiki za bluu. Tunatakiwa pia kuweka matangazo ya duka kwenye status zetu kila siku kwa bando letu wenyewe, na tangu mwezi uliopita tunarekodiwa tukicheza bongo fleva mbele ya mifuko ya saruji ili video iende TikTok. Mimi sipendi. Je, nina haki ya kukataa? Nikikataa anaweza kunifukuza? Na nikijitoa kwenye grupu itakuwaje?

Jibu:

Marahaba, binti. Umeuliza juu ya simu na nitakujibu juu ya simu, lakini naomba uvumilie kidogo, kwa sababu katika barua yako kuna jambo kubwa zaidi ambalo umelitaja kwa kupita tu, nalo ni Jumamosi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida za kazi kuwa saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, na siku zisizozidi 6 kwa wiki. Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni ni saa 10, na ukiondoa saa moja ya chakula zinabaki 9, ambazo ukizizidisha kwa siku tano unapata 45 kamili. Maana yake ni kwamba ifikapo Ijumaa jioni umeshamaliza wiki yako ya kisheria, na zile saa 5 za Jumamosi zote ni saa za ziada. Sheria haikatazi saa za ziada, ila inataka ziwepo kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ili kupata mshahara wa saa moja kwa anayelipwa kwa mwezi, mshahara unagawanywa kwa saa za wiki zilizozidishwa kwa 4.333, na kwa wiki ya saa 45 kigawanyo hicho ni kama 195. Shilingi zako 390,000 zikigawanywa kwa 195 zinatoa shilingi 2,000 kwa saa, kwa hiyo saa ya ziada ni shilingi 3,000, Jumamosi moja ni shilingi 15,000, na wiki nne ni shilingi 60,000. Hesabu hiyo haijagusa simu hata kidogo.

Jiulize pia hiyo saa ya chakula unaitumiaje. Maduka mengi ya jumla ninayoyafahamu kuanzia Nyakato hadi Igoma hayafungi mchana. Karani anakula ugali wake nyuma ya kaunta, kijiko mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, na mteja akiingia anainuka. Sheria inasema mapumziko ya saa moja si lazima yalipwe, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi au kuwapo tayari kwa kazi wakati wa mapumziko hayo. Kama hali yako ni hiyo, ongeza saa 5 nyingine kwa wiki, na hapo utakuwa na saa 40 za ziada katika wiki nne, yaani unakikaribia kikomo cha 50 bila kugusa simu yako usiku.

Mama anaweza kudai kwamba mlikubaliana kwa mdomo kuwa mshahara huo unajumuisha Jumamosi na kila kitu. Hapo ndipo kukosa mkataba wa maandishi kunapomrudia yeye mwenyewe. Ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo majukumu, saa za kazi na ujira, na shauri likifika mbele ya chombo cha sheria bila karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia mwajiri. Wafanyakazi wengi huamini kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana haki, na imani hiyo imewafanya wengi wanyamaze bure.

Sasa simu. Sheria yetu ni ya mwaka 2004 na WhatsApp ilianza mwaka 2009, kwa hiyo usitegemee kukuta tiki za bluu katika vifungu vya saa za kazi. Vifungu hivyo vinapima muda na wala haviangalii chombo kilichotumika kuagiza kazi. Swali la kujiuliza kila simu inapolia ni hili: je, ujumbe huu unanijulisha, au unaniagiza? Mama akiandika saa 3 usiku kwamba kesho lori la saruji litachelewa, amekujulisha, na unaweza kusoma asubuhi bila hasara yoyote. Akiuliza bati zimebaki ngapi na kusubiri jibu, amekuagiza kazi ya karani wa stoo, ile ile unayolipwa kuifanya mchana, na robo saa uliyotumia kufungua daftari, kujumlisha na kujibu ni muda wa kazi. Kwa kuwa ilikuwa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5 ya kazi ya usiku, ambayo kwa saa ya ziada huhesabiwa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Kwako ni shilingi 3,150 kwa saa, na robo saa haifiki shilingi 800.

Nimekupa hesabu hiyo makusudi ili uone kwamba fedha ya ujumbe mmoja ni ndogo na haifai kuwa kiini cha malalamiko yako. Kiini ni usingizi. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Ukitoka saa 12 jioni na kuingia saa 2 asubuhi unazo saa 14, na hapo Mama yuko ndani ya sheria. Lakini ukifanyishwa kazi saa 4:47 usiku, kutoka hapo hadi saa 2 asubuhi zinabaki saa 9 na dakika chache. Na ukiamshwa tena saa 11 alfajiri, hakuna mapumziko ya kuzungumzia. Hata dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa, lakini mbalamwezi ikikolea wavuvi hutia nanga, na hakuna tajiri mwenye mitumbwi anayewalaumu kwa kulala.

Yapo mazingira mawili ambayo Mama anaweza kuyashika. La kwanza ni dharura: sheria inalegeza masharti ya saa na mapumziko kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida. Mvua za huku mnazijua. Maji yakitiririka kutoka mlimani na kuingia stoo usiku, saruji itaganda, na karani anayezima simu usiku huo atakuwa na maswali ya kujibu. Mteja wa Ukerewe anayewahi meli si dharura ya namna hiyo, kwa sababu meli huondoka kwa ratiba na idadi ya bati ingeweza kujulikana saa 12 jioni. La pili ni kwamba masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Karani wa stoo si mtu huyo, hata kama Mama anakuita meneja wa stoo mbele ya wateja.

Pengine umesikia vijana wakisema kwamba Ufaransa bosi haruhusiwi kumtafuta mfanyakazi baada ya kazi. Habari hiyo imekuzwa. Sheria ya Ufaransa iliyoanza kutumika Januari 1, 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi wao namna ya kuheshimu haki ya kuachana na simu na barua pepe za kazi. Haikupiga marufuku ujumbe wenyewe. Ureno ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 kwa kumtaka mwajiri ajizuie kumtafuta mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko. Kwa majirani zetu wa Kenya muswada wa aina hiyo ulifikishwa katika Seneti mwaka 2022. Ninayataja haya ili ujue kwamba hujadeka. Lakini ukisimama mbele ya Mama, Ufaransa haitakusaidia, na saa 12 za mapumziko zilizomo katika sheria ya Tanzania zitakusaidia.

Kuhusu status, mstari uko wazi zaidi. Simu ni yako, laini ni yako, bando ni lako, na watu wanaoona status yako ni ndugu, marafiki na waumini wenzako waliohifadhi namba yako kwa sababu zao. Kama kazi uliyoajiriwa ingekuwa ya masoko, na duka likakupa simu na bando, ningekuambia utekeleze. Wewe ni karani wa stoo. Kuweka tangazo kwa hiari, kwa kuwa duka likiuza na wewe unapona, ni jambo jema na wengi hulifanya. Kulazimishwa kila siku na kukaguliwa ni kukuongezea kazi ambayo hamkuiafiki na kukutwisha gharama ya biashara ya mtu mwingine. Ukitaka njia ya kati, omba duka lilipie bando na tangazo liwe siku moja kwa wiki. Binafsi ningekataa kabisa, lakini mimi si wewe na sikai kwenye kaunta hiyo.

Video za TikTok ni jambo zito zaidi ya yote uliyoyaandika, ingawa naona umelitaja kwa aibu kidogo, kana kwamba utaonekana huna ucheshi. Kucheza si aibu, hasa katika nchi hii ya Wasukuma ambako Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma mbele ya umati kwa vizazi kadhaa, na mpaka leo watu hujaa Bujora kushuhudia mashindano hayo. Lakini mchezaji wa Bagalu alijiunga mwenyewe na jina linalokua ni la kundi lake. Wewe sura yako inatumika kuuza nondo, kwa amri, bila malipo, na video hiyo itaendelea kuzunguka hata siku utakapokuwa umehamia Geita na kuajiriwa na mtu mwingine. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya na kutumia taarifa za mtu awe na msingi halali na lengo lililo wazi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Unaweza kukataa kurekodiwa, na kwa video zilizokwisha kuwekwa unaweza kuomba kwa maandishi ziondolewe; akikaidi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

Hapa nina neno la pembeni ambalo unaweza kumnong'oneza Mama kwa faida yake. Leseni ya muziki anayoipata mtu wa kawaida ndani ya TikTok haigusi matangazo ya biashara. Akaunti za biashara huelekezwa kwenye maktaba ya nyimbo zilizoruhusiwa kibiashara. Duka linalotumia bongo fleva inayovuma kuuzia saruji bila idhini linajiweka katika mikono ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na wasanii wetu siku hizi wana wanasheria. Nimeona mara nyingi kwamba mwajiri asiyesikia habari za faragha ya karani husikia haraka habari za kudaiwa na msanii.

Je, anaweza kukufukuza? Kukufukuza kwa mdomo anaweza asubuhi yoyote. Swali ni kama itasimama. Umevuka miezi 6 ya kazi, hivyo unalindwa dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Mwajiri lazima awe na sababu halali inayohusu mwenendo wako, uwezo wako au mahitaji ya uendeshaji wa biashara, na lazima afuate utaratibu: akueleze tuhuma, akupe muda wa kujiandaa, akusikilize. Kukataa amri halali na ya busara ya mwajiri ni kosa la nidhamu, na hili usilichukulie kwa wepesi. Kukataa kucheza mbele ya kamera si kosa kwa karani wa stoo. Lakini namna ya kukataa inaweza kuzaa kosa pale ambapo halikuwepo. Ukimjibu Mama kwenye grupu, mbele ya vijana wa kubeba mizigo, kwamba simu ni yako na asikusumbue, utakuwa umempa jambo la kuandikia barua ya onyo.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa wale wanaokuambia umbloku. Siungi mkono vilevile wazee wenzangu wanaosema kazi ni adimu, vumilia. Uvumilivu wako ndio uliomfundisha Mama kwamba saa 4:47 usiku ni saa ya kazi. Mwandikie yeye peke yake, mchana, siku ambayo duka halijajaa wateja. Maneno yanaweza kuwa haya: "Shikamoo Mama. Naomba nikushirikishe jambo la kazi. Maswali ya stoo yakija usiku nashindwa kuyajibu kwa uhakika kwa kuwa siko kwenye mzigo, na naogopa kukupa hesabu ya makosa. Napendekeza kila siku saa 11:30 jioni nitume kwenye grupu hesabu ya bati, saruji, nondo na misumari ilivyobaki, ili ukipigiwa na mteja usiku uwe nayo mkononi. Likitokea la dharura kama moto, maji au wizi, nipigie wakati wowote nitapokea. Kuhusu video, naomba nisiwemo. Nitasaidia kupanga bidhaa za kurekodiwa. Na Mama, naomba siku utakayopata nafasi tuandikishane masharti ya kazi pamoja na saa za Jumamosi."

Zingatia kwamba barua hiyo haina neno sheria hata mara moja. Sheria iweke mfukoni. Wenye maduka wengi hawaulizi usiku kwa ukatili. Wanauliza kwa sababu mteja amewapigia na wao hawana hesabu. Mpe hesabu kabla hajaihitaji, na sehemu kubwa ya ujumbe wa usiku itakoma yenyewe. Ule utakaobaki baada ya hapo utakuonyesha unashughulika na mtu wa aina gani.

Wakati huohuo weka kumbukumbu. Piga picha ya skrini ya kila ujumbe wa kazi wa usiku, saa ikionekana, hasa kama Mama amewasha mpangilio wa ujumbe kujifuta. Andika kwenye daftari lako mwenyewe Jumamosi ulizofanya kazi na saa ulizoingia na kutoka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa simu kama ushahidi, mradi uaminifu wake uonekane, kwa hiyo usikate wala kuhariri picha. Mazungumzo yakishindikana, chombo chako ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mwanza. Huhitaji wakili ili kufungua mgogoro, na hatua ya kwanza ni usuluhishi wa kukaa meza moja. Angalia kalenda sana: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri, na migogoro mingine, kama madai ya saa za ziada, ina siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Anayechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze sababu za kuridhisha, na "nilikuwa namwogopa bosi" haijawahi kuwa sababu nzuri. TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, hupokea hata wafanyakazi wa maduka, na kujiunga nacho ni haki yako.

Limebaki la kujitoa kwenye grupu. Usijitoe. Kuzima tiki za bluu katika mipangilio hakutakusaidia pia, kwa sababu mpangilio huo hufanya kazi kwenye mazungumzo ya watu wawili tu. Ndani ya grupu aliyetuma huona nani amesoma. Na ingawa tangu mwaka 2022 anayejitoa huondoka kimyakimya bila kutangazwa kwa wote, maadmini bado hupewa taarifa, na admini wa grupu lenu, kwa jinsi ulivyoandika, ni Mama mwenyewe. Linyamazishe tu. WhatsApp inakupa chaguo la kunyamazisha kwa saa 8: ukilibonyeza saa 4 usiku baada ya kuhakikisha hesabu ya jioni imefika, sauti itarudi saa 12 asubuhi, ukiwa unajiandaa kwenda kupanda daladala.